Maswali Yenu: Waongozaji wa Kike wa India na Tamthilia za Kale

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mwongozaji asiye na mamilioni anaichukuaje tamthilia iliyozoeleka jukwaani na kuifanya filamu inayosimama yenyewe? Wengi wenu mmewataja wanawake wa sinema huru ya India, nasi tumebaki huko huko.

Nimeziona Maqbool, Omkara na Haider, zote za Vishal Bhardwaj. Kila makala ya Shakespeare na filamu za Kihindi huishia kwake. Hakuna wanawake wanaoifanya kazi hii? Na kama wapo, nianze na filamu ipi? Msomaji, Morogoro

Wapo, na si wa juzi. Bhardwaj anastahili sifa zake, lakini ana waigizaji nyota na fedha za kuitangaza kazi, ndiyo maana jina lake hufika kabla ya mengine.

Kwa Shakespeare, watafute watatu kwanza. Aparna Sen aliifanya Romeo na Juliet kuwa Arshinagar (2015), kwa Kibengali. Bornila Chatterjee aliichukua Titus Andronicus, tamthilia ambayo wengi huikwepa kwa damu yake, akatoa The Hungry, iliyoonyeshwa tamasha la Toronto mwaka 2017. Vandana Kataria alitoa Noblemen mwaka 2019 kutokana na The Merchant of Venice. Unaweza kuongeza Life Goes On (2009) ya Sangeeta Datta, ambamo King Lear anakuwa daktari wa Kibengali aliyehamia London, amefiwa na mke, ana binti watatu na mazishi mbele yake. Baba huyo anaigizwa na Girish Karnad, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi mkubwa wa tamthilia nchini India.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Hazina kubwa zaidi iko kwenye tamthilia za Wahindi wenyewe. Sai Paranjpye alitengeneza Katha (1983) kutokana na tamthilia ya Kimarathi ya S. G. Sathye. Vijaya Mehta, mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha Rangayan mjini Mumbai mwaka 1960, aliigeuza tamthilia ya Jaywant Dalvi iitwayo Barrister kuwa filamu Rao Saheb katikati ya miaka ya 1980. Aparna Sen naye, mwaka ule ule wa Arshinagar, alitoa Saari Raat kutokana na tamthilia ya Badal Sircar.

Anza na Katha, kwa sababu inachekesha na haikuelemei. Kisha The Hungry. Arshinagar iwe ya mwisho; sababu utaiona kwenye jibu la msomaji wa Lamu.

Titus ni jemadari wa Kirumi, ana wanawe vitani na mateka kwenye minyororo. Akifanywa tajiri wa Delhi haigeuki kichekesho? Mwongozaji anahakikishaje kwamba habari inakubalika? Msomaji, Kampala

Inageuka kichekesho pale mwandishi anapobadilisha mavazi na majina tu. Bornila Chatterjee hakuanzia kwenye mavazi. Swali la kuanzia ni hili: ni kitu gani kinachowafunga hawa watu mahali pamoja, hata wanapojua wanachinjana? Roma ilikuwa na jeshi, kaizari na wajibu wa kuwalipizia wafu kisasi. The Hungry ina kampuni ya familia na harusi.

Harusi ya matajiri ni chaguo la akili sana. Inawaweka mahasimu chini ya paa moja kwa siku kadhaa. Hakuna anayeweza kuondoka bila kuulizwa kulikoni. Kila mtu anatakiwa acheke mbele ya wageni. Tena kuna chakula muda wote, jambo lenye uzito mkubwa kwa anayeujua mwisho wa Titus, ambako mama anaandaliwa nyama asiyojua ni ya nani. Tamthilia inaileta karamu hiyo mwishoni. Filamu inatuzoesha mapema kumwona mwenye nyumba, Tathagat Ahuja, aliyeigizwa na Naseeruddin Shah, akiwa mpenzi wa mapishi. Nyama inapofika mezani hatushangai kwamba anapika, tunaogopa alichopika. Hatutasema zaidi, maana hujaiona.

Badiliko kubwa ni la mama. Kwa Shakespeare, mtoto wa kwanza wa Tamora, malkia wa Wagothi aliyetekwa na Titus, anauawa katika onyesho la kwanza. Mama anapiga magoti kumwombea, hasikilizwi, na baada ya hapo uzito wa tamthilia unamwendea Titus. Chatterjee anaanza na kifo cha kijana huyo na kumwachia mama yake, Tulsi (Tisca Chopra), deni lote. Harusi ni yake yeye: anaolewa na mtoto wa mtu anayemdai damu. Angalia jinsi hatua hii moja inavyobadilisha hata upigaji picha. Kamera inamtazama Tulsi anapovishwa na kupambwa, na kila kito anachovaa ni sehemu ya hila yake.

Kwa anayetaka kujaribu njia hii, chukua karatasi na umpe kila mhusika mistari minne. Anataka nini? Nani anaweza kumwamuru? Atapoteza nini akiondoka leo? Nani atamlilia akifa? Kisha futa jina la kale, andika jina jipya, na usibadilishe majibu. Pale jibu linapokataa kuhamia mji wako, hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Makosa yako hapa mara nyingi. Tamthilia za kale hazina polisi, hazina simu, hazina kamera za ulinzi wala hospitali. Barua isiyofika inamuua Romeo. Leo ujumbe wa simu unafika kwa sekunde. Kila kifo na kila siri ndani ya skripti yako lazima ijibu swali, kwa nini hakuna aliyepiga simu? Katika The Hungry jibu ni fedha na jina la ukoo: mauaji yanaweza kuitwa kujiua, na wenye kujua wana sababu ya kunyamaza. Bila jibu la namna hiyo watazamaji watajiuliza kuhusu simu filamu nzima na hawatausikia msiba.

Jambo jingine ni idadi. Titus ina maiti kumi na kadhaa. Jukwaani watazamaji huanza kucheka maiti zinapozidi, na kwenye skrini wanacheka mapema zaidi, kwa kuwa kamera iko karibu. Ndiyo maana filamu haikubeba orodha yote. Punguza vifo mpaka kila kimoja kiwe na mtu anayebaki nacho moyoni kwenye onyesho linalofuata.

Nilisoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Nimeitazama Noblemen mara mbili: sijaona mkopo, sijaona mahakama, hata mfanyabiashara hakuna. Mbona inasemekana ndiyo ile ile? Msomaji, Musoma

Unaitafuta kwenye fedha, na Vandana Kataria aliiweka kwenye fedheha. Filamu inatokea katika shule ya bweni ya wavulana wa familia bora huko Mussoorie, mji wa milimani kaskazini mwa India. Wanafunzi wanaandaa The Merchant of Venice kwa ajili ya sherehe ya shule. Kijana mpole aitwaye Shay anapewa nafasi ya Bassanio. Baadal, mtoto wa mwigizaji nyota, anaitaka nafasi hiyo, na anakwenda kwa Arjun, kiranja wa wababe, ampokonyee. Kuanzia hapo mateso yanapanda ngazi moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo kuna tamthilia mbili ndani ya filamu moja. Jukwaani Shay anavaa nguo za Bassanio, mpenzi wa wote. Bwenini anatemewa mate kama Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake. Deni linalokusanywa ni matusi, na ratili ya nyama inakuja kudaiwa na aliyeonewa. Ile hotuba maarufu ya Shylock, anayeuliza kama Myahudi hana macho na kama akichomwa hatoki damu, ina sehemu ya pili ambayo shuleni huwa tunaipita haraka: mkitukosea, tusilipize? Kataria ameijenga filamu yake juu ya swali hilo la mwisho.

Mahakama uliyoitafuta haipo kwa makusudi. Kwa Shakespeare, Portia, mwanamke aliyejigeuza mwanasheria, anakizuia kisu kwa kifungu cha sheria: chukua nyama, ila damu isimwagike. Ondoa mahakama, weka shule inayolinda jina lake kuliko watoto wake, na hakuna tena wa kukizuia kisu. Tunaona hapo ndipo filamu ilipoipita tamthilia kwa ukali, ingawa imelipoteza jambo moja zuri, akili ya Portia. Msichana anayemwigiza Portia hana kazi kubwa kama ya mwenzake wa Venisi, na pengo lake linaonekana.

Ukitaka kutumia mbinu hii ya igizo ndani ya filamu, kumbuka kwamba nusu ya watazamaji hawajaisoma tamthilia. Wape kidogo kidogo: siku ya kugawa nafasi, mazoezi mara mbili au tatu, kisha onyesho lenyewe. Kila zoezi libadilishe uhusiano wa watu wawili. Kama wanafunzi wanasoma mistari tu na wakitoka wako vile vile walivyoingia, kata. Na tahadhari kwa wazazi: Noblemen ina ukatili mzito dhidi ya vijana. Isiwekwe mbele ya watoto eti kwa sababu ni ya shule.

Tamthilia yangu inatokea sebuleni mwanzo hadi mwisho. Nikiwatoa wahusika nje, inaonekana nimewalazimisha. Nikiwaacha ndani, ni jukwaa lililopigwa picha. Paranjpye na Mehta walifanyaje? Msomaji, Nakuru

Walitanua kwa duara moja tu, hawakuruka. Katha inatokea kwenye jengo la wapangaji la Mumbai: vyumba vimepangana mstari, baraza ndefu ni ya wote, bomba na choo ni vya wote. Kwetu fikiria nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, uiwekee ghorofa. Rajaram (Naseeruddin Shah) ni karani mwaminifu anayempenda jirani yake Sandhya (Deepti Naval) na hawezi kulitamka. Anakuja mgeni, Bashu (Farooq Sheikh), mtanashati na mwongo, anakula chakula chake, analala kitandani kwake, na kabla hujakaa sawa amewateka jirani wote. Ni sungura na kobe, na tamthilia ya Sathye ilibeba jina la wanyama hao.

Paranjpye hakuwapeleka milimani wakaimbe. Kutoka chumbani alikwenda barazani, kutoka barazani akashuka uani, kisha kazini ambako Bashu anaendeleza ulaghai wake. Kila eneo jipya ni mahali ambapo wahusika wangekwenda siku hiyo hata kama hakuna filamu. Jukwaani majirani wanatajwa au wanapita. Kwenye baraza ya filamu wapo muda wote, wanasuka nywele, wanachambua mchele, wanasikiliza. Siri haina pa kujificha, na huo ndio msisimko wa Katha. Aibu ya Rajaram nayo, ambayo jukwaani ingehitaji maneno, kwenye filamu ni mtu aliyesimama mlangoni, mdomo umefunguka kidogo, na Sandhya amekwisha geuka.

Rao Saheb ni somo tofauti. Vijaya Mehta aliiongoza Barrister jukwaani kwanza, kwa hiyo aliijua kila pumzi yake. Inahusu wakili aliyesoma Uingereza, mwenye fikra za mageuzi, katika Maharashtra ya mwanzoni mwa karne ya 20, zama ambazo mjane wa Kibrahmani alinyolewa nywele na kufungiwa ndani. Nyumba ya wakili ina shangazi aliyekwisha nyolewa. Mpangaji kijana anapofiwa na mumewe, wakili anatakiwa afanye kile alichokuwa akikisema. Mehta mwenyewe aliigiza shangazi huyo, akapata tuzo ya taifa ya mwigizaji msaidizi wa kike. Hapa hakuna kutanua sana. Kinachofanya kazi ni ukaribu. Mtu wa safu ya ishirini ukumbini anakiona kichwa kilichonyolewa kama alama tu. Kamera ikiwa hatua moja kutoka kwenye kichwa hicho, wakati mwanamume anaendelea kuhutubia haki za wanawake, hotuba inajihukumu yenyewe.

Kwa skripti yako chukua kalamu mbili. Nyekundu: pigia mstari kila sentensi inayosema jambo ambalo kamera itaonyesha, kama vile „mbona unalia?“, „tazama mvua ilivyo“, „baba amekasirika leo“. Buluu: kila sentensi inayotoa taarifa ya zamani. Nyekundu zote zifutwe bila huruma. Za buluu, tafuta kitu kinachoweza kuzibeba: picha ukutani, risiti, chumba kilichofungwa. Tamthilia ya saa mbili na nusu ina maneno kama 20,000. Filamu ya dakika 100 hubeba vizuri 8,000 hadi 10,000. Ukibaki na 15,000 bado una jukwaa.

Sisi ni kikundi cha vijana saba. Tuna kamera moja, maiki mbili za kifuani na moja ya mpini, na nyumba ya kuazima kwa wiki mbili. Tumevutiwa na Saari Raat: watu watatu, nyumba moja, usiku mmoja. Tutaiwezaje ya namna hiyo? Msomaji, Mombasa

Mmechagua vizuri na kwa hatari. Saari Raat ina mume na mke wanaokimbilia nyumba ngeni kwa sababu ya mvua. Mwenyeji ni mzee wa ajabu anayeonekana kuijua ndoa yao kuliko wao. Konkona Sen Sharma, Ritwick Chakraborty na Anjan Dutt wanaibeba yote. Hakuna kingine cha kumtazama mtazamaji akichoka, kwa hiyo kosa dogo linaonekana.

Hesabu kwanza. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja. Filamu ya dakika 80 ni kurasa 80. Kikundi kidogo chenye nyumba moja kinaweza kumaliza kurasa 6 hadi 7 kwa siku, na siku ngumu 4. Siku 14 zinatosha kwa shida: pangeni 12 za kurasa karibu 7, mbili ziwe za kurudia na kufidia siku ngumu. Mazoezi yafanyike kabla, siku 10 angalau, na tatu za mwisho, mwenye nyumba akikubali, ziwe ndani ya nyumba hiyo hiyo kabla ya wiki zenu mbili kuanza. Waigizaji wenu wa jukwaani watapaza sauti na kuinua nyusi. Dawa ya kwanza ni kuwafanyisha onyesho zima kwa sauti ya kumnong'oneza mtu aliyelala chumba cha pili. Baada ya hapo watajua kipimo chao.

Usiku upigeni mchana. Zibeni madirisha kwa nje na kitambaa kizito cheusi mara mbili, acheni nafasi ya kuweka taa kati ya kitambaa na kioo ili mwanga wa „mbalamwezi“ uingie kutoka nje. Faida yake ni watu wasiochoka. Hasara ni joto. Mombasa, chumba kilichozibwa na taa tatu kinapika watu, feni zinaingia kwenye sauti, na jasho la onyesho la pili halifanani na la kumi. Zimeni feni wakati wa kurekodi tu, na mtu mmoja awe na kazi ya kufuta nyuso na kupiga picha ya kila mwigizaji kabla ya kukata.

Mvua isitengenezwe wakati watu wanaongea. Maji kwenye bati au kioo yatafunika mazungumzo, na ni vigumu sana kuyatenganisha baadaye. Pigeni mvua kwa picha peke yake, watu wakiwa kimya: dirisha, ngazi, viatu vilivyolowa. Sauti yake irekodiwe kando kwa dakika tano na kuwekwa chini ya mazungumzo wakati wa kuhariri. Mwisho wa kila eneo, wote wanyamaze sekunde 60 mrekodi ukimya wa chumba. Bila huo, kila mkato wa mazungumzo utasikika kama mlango unaofungwa.

Maiki ya kifuani chini ya nguo ya hariri au polista hukwaruza. Vaeni pamba, na ibandikeni kwa plasta ya hospitali mahali ambapo nguo haisogei. Hili ni tatizo la sari na la leso vile vile.

Mstari wa kutazamana ndio unaowaangusha wengi. Watu wawili mezani, chora mstari wa kufikirika kati yao, kamera ibaki upande mmoja. Akiingia wa tatu, mistari inakuwa mitatu na ndipo watu wanapoanza kutazama ukuta. Mpe mtu wa tatu mwendo: aingie, apite nyuma ya mmoja, akae, na kamera imfuate bila kukata. Mwendo huo mmoja unawahamisha watazamaji upande mpya kihalali.

Na usiku uwe na ngazi. Gaweni skripti katika saa: saa tatu, saa sita, saa tisa, alfajiri. Kila kipande kiwe na chanzo kimoja cha mwanga kilichobadilika. Saa tatu taa ya dari, saa sita umeme umekatika ni mshumaa, saa tisa dirisha pekee. Mtazamaji hataona mpangilio, ila hatachoka.

Mimi ni mtunzi wa mashairi. Nasikia Arshinagar imeandikwa yote kwa vina. Je, yafaa kufuata njia hiyo kwa filamu ya Kiswahili? Msomaji, Lamu

Mazungumzo ya Arshinagar yana vina, ndiyo. Aparna Sen aliziweka familia mbili, Khan ya Waislamu na Mitra ya Wahindu, kwenye mtaa ambao wenye fedha wanataka ardhi yake, kukawa na nyimbo na mandhari yaliyochorwa waziwazi kama ya jukwaani. Nia yake ilikuwa njema na ya kishujaa: Shakespeare aliandika kwa mashairi, kwa nini filamu iombe radhi?

Matokeo yamegawanya watu, na sisi tuko upande wa wenye mashaka. Kwenye wimbo au utenzi sikio linakisubiri kina na kufurahi kinapokuja. Kwenye ugomvi wa mitaani, sikio likishajua neno la mwisho litakuwa nini, hatari inakwisha kabla ya kisu kutoka. Nyimbo za filamu ile zinaelea vizuri, lakini maonyesho ya watu wawili wakizozana yanakwama.

Kwa Kiswahili una nafasi nzuri zaidi kuliko yeye, maana watu bado wanajibizana kwa mashairi harusini na redioni. Tumia vina pale ambapo wahusika wenyewe wanajua wanatunga: kupigana vijembe, kuposa, kuomboleza. Mahali pengine acha mizani tu, mistari mifupi inayokaribiana urefu, bila kina cha mwisho. Na mpe mwigizaji ruhusa ya kuvunja mstari katikati kwa pumzi. Akishindwa kupumua kabla ya kina, mstari wako ni mrefu mno.

36 Chowringhee Lane ya Aparna Sen nayo ni tamthilia ya Shakespeare? Nimebishana na rafiki anayesema ndiyo. Msomaji, Muscat

Hapana, rafiki yako akubali. Ni hadithi yake mwenyewe, ya mwaka 1981, kuhusu Violet Stoneham, mwalimu mzee mwenye asili ya Kiingereza na Kihindi anayefundisha Shakespeare Kolkata. King Lear inanukuliwa, na inanukuliwa mahali panapouma, lakini kunukuu si kugeuza. Aliyeigiza ni Jennifer Kendal, ambaye wazazi wake walizunguka India na kikundi chao wakiigiza Shakespeare mashuleni.

Tukitaka kupiga filamu kutokana na tamthilia ya Mhindi, tunamlipa nani? Na Shakespeare kwa Kiswahili je, ni bure? Msomaji, Arusha

Kwa sheria ya India, kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 60 baada ya kifo, ikihesabiwa kuanzia mwaka unaofuata. Rabindranath Tagore alifariki 1941, kwa hiyo tamthilia zake ziko huru nchini humo tangu mwisho wa 2001. Vijay Tendulkar alifariki 2008: zake zinalindwa hadi mwisho wa 2068. Badal Sircar, 2011: hadi mwisho wa 2071. Hao unakwenda kwa warithi au kwa mchapishaji anayewawakilisha.

Shakespeare na Kalidasa, mwandishi wa kale wa tamthilia za Kisanskriti, ni wa wote. Tafsiri si ya wote. Mabepari wa Venisi ya 1969 na Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza 1963, ni kazi za Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999. Tanzania na Kenya hulinda miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo maneno yake ya Kiswahili hayako huru mpaka mwisho wa 2049. Unaweza kwenda kwenye Kiingereza cha Shakespeare na kutafsiri upya. Hutakiwi kukaa na kitabu chake pembeni huku unabadilisha neno moja moja. Tafsiri ya Kiingereza ya Tagore nayo ichunguze hivyo hivyo: ni yake mwenyewe, au ya mtu ambaye kazi yake bado inalindwa?

Barua ya kuomba ruhusa itaje lugha, nchi mtakazoonyesha, urefu wa filamu, kama itakwenda mtandaoni, na jina la mwandishi litakaa wapi kwenye skrini. Msinunue haki zote mara moja. Ombeni kulipa kiasi kidogo ili tamthilia isipewe mtu mwingine kwa miezi 12 hadi 18 huku mkitafuta fedha, na bei kamili iandikwe humo humo tangu mwanzo. Mkiacha bei iamuliwe baadaye, itaamuliwa siku mtakayokuwa mmekwisha piga picha, na hamtakuwa na nguvu ya kukataa.

Muziki ni mkataba mwingine. Wimbo wa Tagore uko huru. Kanda ya mwimbaji aliyeurekodi mwaka 1990 haiko huru. Mtafuteni mwimbaji, urekodiwe upya, na asaini kabla hajaingia studio.